Shajara ya Mradi: Kumtafutia Neema Sekondari ya Kikatoliki, Queens

Agosti 28

Daftari hili nalianza leo kwa sababu mambo yameshakuwa mengi kuliko kichwa changu. Neema anaingia darasa la nane wiki ijayo, na Septemba ya mwakani lazima awe na sekondari ya kwenda. Hapa New York mtoto haendi tu shule iliyo jirani na kwao. Anaomba, kama mtu mzima anavyoomba kazi. Sisi tunaomba kwenye foleni mbili kwa mpigo: ya shule za jiji, ambayo kila mzazi anaisimulia, na ya shule za Kikatoliki, ambayo ndiyo tunayoitaka lakini hatujampata wa kutueleza toka mwanzo mpaka mwisho.

Tulichonacho mpaka usiku huu: mtihani wa kujiunga unaitwa TACHS. Ni wa darasa la nane tu, mtoto haurudii, unafanyika Novemba mwanzoni na majibu hutoka Januari. Una sehemu nne: kusoma, lugha, hisabati, na moja inayoitwa "uwezo". Mama Neema akauliza, "Uwezo wa nini tena?"

Septemba 7

Nimechora ramani ya nani anatawala nini. (Nikiandika "jimbo" humu ndani nina maana ya askofu, si ya gavana.) Jiji hili moja limegawanyika kwa maaskofu wawili. Manhattan, Bronx na Staten Island ziko chini ya Jimbo Kuu la New York. Brooklyn na Queens ni Jimbo la Brooklyn, lililokatwa mwaka 1853. Mtihani ni mmoja kwa pande zote mbili, kwa hiyo mtoto wa Queens anaweza kuomba shule ya Manhattan bila kibali cha mtu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mtihani ukiwa mmoja, na kanuni ni moja. Sivyo. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 803, inasema hakuna shule itakayojiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa. Jina linatoka huko, lakini nyumba ina mwenyewe. St. Francis Prep, ya tangu 1858, ni ya Mabruda Wafransisko wa Brooklyn. Archbishop Molloy ni ya Mabruda wa Marist. Mary Louis, ya wasichana peke yao, ilianzishwa na Masista wa Mtakatifu Yosefu mwaka 1936. Kila shirika lina bodi yake, ada yake, na namna yake ya kusoma faili la mtoto. Regis kule Manhattan, shule ya Wajesuiti ya tangu 1914 ambayo haitozi ada, haimo kabisa kwenye TACHS. Ina mtihani wake, na inachukua wavulana Wakatoliki tu. Hiyo nimeifuta.

Nimefuta na Cristo Rey, kwa masikitiko. Ile ni ya familia zenye kipato kidogo, na mwanafunzi anafanya kazi ofisini siku kadhaa kila mwezi, mshahara wake unakwenda kwenye ada. Neema aliipenda mno, alishaanza kuniambia atavaa nini kazini. Lakini sheria ya kazi hapa inataka mtoto awe ametimiza miaka 14, naye amezaliwa Novemba. Shule za New York zinahesabu umri kwa mwaka wa kalenda, mpaka Desemba 31, ndiyo maana watoto wa Novemba kama yeye wanaanza sekondari wakiwa na miaka 13.

Septemba 19

Cheti cha ubatizo.

Shule mbili kati ya tunazozitazama zinakitaka kwa mtoto Mkatoliki. Si kwamba wasio Wakatoliki hawachukuliwi, wanachukuliwa na ni wengi, ila somo la dini ni la lazima kwa wote na ubatizo unaingia kwenye kumbukumbu. Mimi nilikuwa na nakala niliyoipiga picha kwa simu miaka hiyo, kona moja kidole changu kinaonekana. Karani wa parokia yetu hapa alicheka, akasema kitabu kinabaki palepale alipobatizwa mtoto, na cheti kinatoka hukohuko. Parokia ya hapa haiwezi kutoa cheti cha ubatizo isioufanya.

Na Neema alibatizwa bara jingine. Nikamwandikia Sista anayeshika ofisi ya parokia ile: Tumsifu Yesu Kristo, Sista, naomba msaada. Akajibu baada ya siku mbili, saa tisa ya usiku kwa hapa: "Milele amina, Baba Neema. Mwaka gani, na nani alikuwa msimamizi?" Mwaka nilikumbuka. Msimamizi nilimkumbuka. Kumbe shida ilikuwa jina. Sista alipekua kurasa zote za mwaka ule, hakuna Neema. Mama Neema ndiye aliyekumbuka, tena akiwa anakaanga vitunguu, bila hata kugeuka: "Si alibatizwa Theresia?"

Theresia. Kitabuni ni Theresia, na jina la babu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema, na majina mawili baada yake. Shule anayosoma sasa imelikata jina la katikati tangu darasa la kwanza kwa sababu kisanduku cha fomu kilijaa. Ni mtoto mmoja aliye watu watatu kwenye karatasi.

Septemba 27

Sista ametuma cheti kipya, muhuri wake unasomeka vizuri, na pembeni ameongeza kwa mkono kwamba Theresia huyu ndiye Neema, mtoto wa fulani na fulani. Kalamu ya bluu. Sijawahi kufurahia mwandiko wa mtu kiasi hiki.

Nilipiga simu ofisi za udahili za shule zote tatu kuuliza kama tofauti ya majina itatuangusha. Zote tatu zilijibu kitu kilekile kwa maneno tofauti: sajili mtihani kwa jina lililo kwenye rekodi ya shule anayosoma sasa, maana alama za darasani na alama za mtihani lazima zikutane kwenye faili moja, cheti cha ubatizo kije nyuma na barua fupi. Kwa hiyo amesajiliwa kwa jina lile lililokatwa. Namba ya usajili nimeiandika kwenye jalada la ndani la daftari hili, kwenye simu, na kwenye karatasi iliyobandikwa jokofuni.

Jambo la pembeni, kwa aliye na mtoto anayehitaji muda wa ziada kwenye mtihani: karatasi zake zinadaiwa mapema kuliko usajili wenyewe, na bila mpango rasmi wa shule wa kumsaidia mtoto (unaitwa IEP au 504) hazipokelewi. Jirani yetu aligundua zikiwa zimebaki siku nne.

Oktoba 13

Wikiendi mbili za kutembelea shule. Ngazi nyingi, maabara nyingi, wanafunzi wenye beji wanaotabasamu mpaka unawaonea huruma. Neema alikuwa akiangalia vyoo na foleni ya kantini, jambo ambalo mwanzoni nililiona la kitoto, baadaye nikaona ndiye peke yake aliyekuwa akikagua kitu ambacho hakijapangwa kwa ajili ya wageni.

Mimi nilikwenda na swali moja. Kwenye TACHS unaorodhesha shule tatu, kwa mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Je, mpangilio huo una uzito? Shule ya kwanza ilisema wao wanatazama alama na rekodi tu. Ya pili ilisema, bila kuzunguka, kwamba nafasi zikibana wanaanza na waliowaweka namba moja, na ufadhili kwa waliofanya vizuri nao unafuata hapo. Ya tatu, mama mmoja mwenye miwani alinitazama kwa upole akasema, "Sisi tunafurahi kuwa chaguo la kwanza." Hilo nalo ni jibu.

Oktoba 22

Nimekaa na hili wiki nzima, na nadhani sasa nimelielewa. Ndilo linalowachanganya wazazi wote ninaozungumza nao, maana foleni hizi mbili zinaendeshwa kwa akili zilizo kinyume.

Foleni ya jiji inakwenda kwa posa. Sitanii. Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi kuhusu kuingia chuo na kuoana, wakionyesha njia ya kuwapanga watu pasiwepo wawili watakaotaka kutoroka pamoja. Mtoto anaposa shule anayoipenda kuliko zote. Shule inawashikilia wanaoifaa lakini haifungi ndoa. Akija anayefaa zaidi, mmoja wa mwanzo anaachiwa, anakwenda kuposa ya pili kwenye orodha yake, na ile ya pili haimhesabii kwamba alianzia kwingine. Inaendelea hivyo mpaka posa ziishe, ndipo ndoa zinafungwa zote kwa pamoja. Jiji liliuchukua utaratibu huo mwaka 2003, baada ya wanauchumi kina Alvin Roth kuusuka uendane na shule zake. Roth na Shapley walipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Mtoto anaandika orodha ndefu ya shule, na hana faida yoyote ya kudanganya. Weka unayoipenda juu, hata kama ni ndoto. Ukikosa hujapoteza kitu kwenye inayofuata.

Kabla ya hapo? Shule tano kwenye orodha, shule zinaona umeziweka namba ngapi, nyingine zinawatazama walioziweka kwanza tu. Mtoto mmoja anapata nafasi tatu, mwingine hapati hata moja, na kila mwaka watoto wapatao 30,000 walitupwa kwenye shule wasizoziomba.

Foleni ya Kikatoliki inafanana na ile ya zamani. Hakuna anayezipanga posa. Kila shule inapata alama na rekodi, inaamua yenyewe. Mtoto anaweza kupokelewa na zote tatu, au asipokelewe popote. Kwa hiyo ushauri ulio sahihi jijini, "weka ndoto juu, hakuna hasara," huku unaweza kukugharimu. Namba moja huku ni salamu. Unamwambia mwenye nyumba, nimekuja kwako kwanza.

Sisemi ni mfumo mbaya. Shule ndogo isiyo na ruzuku ya serikali inahitaji kujua nani atakuja kweli. Ila mzazi aambiwe.

Tumempa Neema orodha. Ya kwanza ni ile ya mama mwenye miwani. Amechagua mwenyewe, kwa sababu ya vyoo na kwaya. Ile aliyoiota, yenye jina kubwa, imekwenda namba mbili baada ya mjadala mrefu na mlango mmoja kubamizwa.

Oktoba 30

Karibu tuharibikiwe leo.

Watoto wanaotoka shule za msingi za Kikatoliki, rekodi zao zinapelekwa na shule. Watoto wa shule za jiji, kama Neema, mzazi ndiye anayeibeba fomu ya rekodi ya mwombaji, anaikabidhi shuleni, na shule inajaza alama, mahudhurio na kadhalika, kisha inaituma kwa kila sekondari aliyoiomba. Niliipeleka Oktoba mwanzoni. Leo nikauliza tu, kwa adabu, kama imeshatumwa.

Mshauri wa wanafunzi alifungua droo. Fomu ilikuwa humo, chini ya fomu za safari ya makumbusho, haijaguswa. Alikuwa anadhani TACHS ni kama mtihani wa jiji, kwamba "mfumo unachukua wenyewe." Hakuna mfumo. Ni karatasi, na mtu wa kuijaza.

Sikupandisha sauti. Mama huyu ana watoto mamia, na wengi wao wako kwenye foleni ya jiji. Nilivuta kiti, nikasema, "Nitasubiri, mwalimu, sina haraka." Nilikuwa na haraka, nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja tu kazini. Alijaza. Nikamwonyesha jina jinsi lilivyo kwenye usajili wa mtihani, herufi kwa herufi, kwa sababu ya Theresia. Aliweka bahasha tatu, akapiga mhuri, nikatoka nazo mpaka posta mwenyewe na risiti zake zimo humu, ukurasa huu, kwa gundi.

Novemba, siku ya mtihani

Alirudi na njaa. Kusoma kulikuwa sawa, hisabati "ya kawaida, Baba, ila muda." Na sasa tunajua uwezo ni wa nini. Alichukua karatasi ya matangazo ya parokia, akaikunja mara mbili, akatoboa tundu kwa kalamu, akaniuliza: nikiikunjua, matundu yatakuwa mangapi na yatakaa wapi? Nikasema mawili. Yalikuwa manne. Mama Neema alisema manne kabla hajaulizwa.

Tulikuwa tumemwambia jambo moja tu usiku wa jana, kwamba alama hazikatwi kwa jibu lisilo sahihi, asiache swali tupu. Anasema mawili ya mwisho kwenye lugha alibahatisha.

Desemba 2

Orodha ya jiji imeingia. Shule kumi, ndoto juu, kama alivyotaka Profesa Roth. Dakika ishirini, hakuna kilichobamizwa.

Desemba 15

Ada. Tumejaza maombi ya msaada wa ada, na wanataka kujua zaidi ya alivyotaka kujua baba mkwe. Kodi za mwaka jana, hati za mshahara, gari la mwaka gani. Tulikuwa tukitegemea akiba tuliyomwekea kwenye akaunti ya 529, ile ya akiba ya masomo yenye nafuu ya kodi. Sheria ya shirikisho ya 2017 iliruhusu kutoa mpaka dola 10,000 kwa mwaka kwa ada za shule za kabla ya chuo, na mimi niliishia hapo kusoma, nikalala vizuri. Rafiki mhasibu akaniamsha: New York hailitambui tumizi hilo, na nafuu ya kodi iliyokupa ulipokuwa unaweka, inaidai ukitoa kwa ajili ya sekondari. Akiba ikae ilipo, isubiri chuo.

Januari, wiki ya pili

Ya kwanza, amepokelewa. Ya pili, yenye jina, orodha ya kusubiri. Ya tatu, amepokelewa na kupewa ufadhili wa dola 2,000 kwa mwaka, hatukuutarajia.

Neema alikaa kimya kwa ile ya pili. Kisha akauliza kama tungeiweka namba moja ingekuwaje. Nilimwambia pengine angeingia, pengine angekosa zote mbili, na kwamba huo uamuzi ulikuwa wangu zaidi kuliko wake. Hilo la mwisho nilipaswa kulisema Oktoba.

Februari 8

Hapa ndipo kalenda inapouma. Shule za Kikatoliki zinataka jibu na amana sasa, dola 500 kwa hii yetu, na hazirudi. Jiji linatoa majibu yake Machi. Ukisubiri jiji, unapoteza kiti ulichonacho. Ukilipa, halafu jiji likakupa ndoto, umezika 500.

Nilipiga simu ofisi ya udahili kuomba wasogeze tarehe mpaka Machi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Yule mama akasema, "Wazazi wengi wa shule za jiji huuliza. Andika barua pepe, tunakupa wiki mbili, siyo zaidi." Wiki mbili hazifiki Machi. Lakini zilitufikisha kwenye jibu la msaada wa ada, na hilo ndilo lililoamua. Tumelipa.

Machi 6

Jiji limempa chaguo lake la tatu. Shule nzuri, dakika arobaini kwa treni, bure. Tulikaa mezani watatu na karatasi mbili. Mama Neema alifanya hesabu ya miaka minne kwa kalamu ya risasi, akaizungushia duara, akamsogezea Neema aitazame bila kusema kitu. Neema akaitazama muda mrefu, akauliza kama kwaya ya ile ya Kikatoliki inaimba misa za asubuhi au za jioni. Za asubuhi, nikasema. Akasema ataamka.

Ya jiji tumeiachia ili mtoto mwingine aipate.

Aprili 11

Fomu za afya. New York iliondoa msamaha wa chanjo kwa sababu za dini mwaka 2019, na shule za Kanisa hazikuachwa nje, kwa hiyo kadi inakwenda kamili au mtoto haingii. Tumekamilisha. Ofisi imetuma pia karatasi ya kuhakiki jina litakalokaa kwenye kitambulisho. Walikuwa wameandika Theresia Neema, wameyaunganisha wenyewe kutoka kwenye barua ya Sista. Nikachukua kalamu nirekebishe. Neema akanishika mkono, akasema liache.